Nadhiri ya Tekla

Saa kumi alfajiri, darasa la nne B, shule ya msingi Kiwangwa,
tunakunja mikeka chini ya ubao
ulioandikwa KUGAWANYA KWA BAKI.
Mzee Sabasi anatoboa lengelenge langu kwa sindano,
anauacha uzi ndani ya ngozi ili maji yachuruzike.
"Usiukate," ananiambia. "Mguu nao unataka mfereji."

Mimi si mtu wa hija. Mimi fundi pancha wa Msamvu,
na nadhiri hii si yangu.
Ni ya dada yangu Tekla, aliyeiweka leba, usiku, umeme umekatika:
mtoto akilia, nitakwenda Bagamoyo kwa miguu.
Mtoto akalia.
Analia mpaka leo, ana miaka saba, anataka baiskeli.
Goti la Tekla ndilo lililokataa.
"Gaude," akasema, "deni halipigi hodi,
linakaa barazani tu, linakutazama ukipita."
Basi nimelibeba jina lake kwenye karatasi ya daftari,
mfuko wa shati, pamoja na chumvi
na betri mbili za tochi.

Lami. Kulia nanasi, kushoto nanasi,
umande umekaa juu ya miiba bila kujichoma.
Malori ya mchanga yanatupigia honi, moja ya salamu, moja ya matusi.
Akina mama wa jumuiya wameanza rozari,
na sala inashuka mpaka kwenye visigino,
neno mguu wa kushoto, neno mguu wa kulia,
hata sijui kama nasali
au nahesabu nguzo za umeme.

Fukayosi.
Bi Zamoyoni yuko kwenye kigoda, anamenya nanasi kwa kisu kilicholika.
"Mnalipwa shilingi ngapi?"
"Hatulipwi, mama."
"Na wewe umekosa nini?"
"Sijakosa. Natembea ya dada yangu."
Akacheka mpaka kisu akakiweka chini.
Kisha akanikatia kipande cha katikati, chenye moyo mgumu,
hela akaikataa kwa kiwiko.
"Mimi Mwislamu, huko kwenu sina ninayemjua.
Lakini ukifika, taja kisima cha shule.
Mwezi wa tano huu kinatoa kutu.
Jina langu usilitaje. Taja kisima."
Nikaandika chini ya Tekla: kisima.

Makofia jua linatupiga utosini.
Hakuna anayesali tena, hakuna anayeongea,
ila kandambili za Prisila,
kwa kuwa raba zake zimefunguka mdomo tangu Msata:
chapu, chapu, chapu,
kama mtu anayekubali kila unachosema.

Darajani Ruvu, maji rangi ya chai ya maziwa,
bango la mamba limetobolewa kwa mawe ya watoto.
Mzee Sabasi anaegemea chuma.
Hii mara yake ya kumi na moja.
"Mzee, unaomba nini kila mwaka?"
Akatazama maji muda mrefu, nikadhani hakusikia.
"Nilishapewa," akasema. "Narudisha chenji."
Sikumuuliza ilibaki shilingi ngapi.

Usiku, Bagamoyo.
Wote wanaujua mji huu kwa kubwaga moyo;
mimi nilichobwaga ni viatu,
na soksi, iliyotoka na kipande changu.
Mishumaa, mchanga wa baridi, watu wamepiga magoti
kama waliokatwa chini.
Nikatoa karatasi.
Jasho limeilamba. T imekwenda, E imekwenda,
jina lote limekuwa wingu la wino wa buluu.
Kinachosomeka ni kisima.
Nikakisoma. Kwa sauti, maana sikujua kwingine pa kuanzia.

Saa nne nikampigia.
"Umefika?"
"Nimefika."
"Umesemaje?"
"Nimesema kisima."
Kimya. Vocha inakwenda.
"Kisima gani, Gaude?"
Na nyuma yake, mbali, kama kutoka chumba kingine,
mtoto akiuliza kama mjomba
amepita pale panapouzwa baiskeli.